Wasomi, mizani yenu ina jiwe chini yake

Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana waliokusanyika Nyakato, Mwanza. Tunayachapa kama yalivyosemwa, isipokuwa salamu ndefu tumezipunguza. – Mhariri

Dada zetu wachache mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kusikiliza maneno, sogeeni mbele, msijifiche nyuma ya kaka zenu.

Nimeombwa niseme juu ya vyuo vikuu na siasa. Rafiki yangu mmoja aliposikia alicheka sana. Akaniuliza: "Wewe uliyeishia kidato cha nne utawaambia nini watu juu ya chuo kikuu?" Nikamjibu kwamba si lazima uwe fundi wa mizani ndipo ujue umepunjwa. Anayejua ni yule aliyerudi nyumbani na mfuko mwepesi.

Lakini sikuja hapa kwa ajili ya rafiki yangu. Nimekuja kwa sababu Jumamosi ijayo kuna kongamano katika chuo kimoja hapa jijini, juu ya katiba na uchaguzi. Nimeona orodha ya wasemaji. Ninyi pia mmeiona, maana imezunguka kwenye simu zote za Nyakato. Na nimesikia kijiweni kwamba mpango umeshaiva: tukodi Hiace, tujae humo, twende tukazomee mpaka kongamano livunjike.

Ndugu zangu, leo nitasema mambo mawili. La kwanza mtalipigia makofi. La pili huenda mkanizomea mimi. Naomba mnisikilize yote mawili.

MIZANI YA PAMBA

Tuanzie nyumbani. Wazee wa Usukuma wanalijua jambo hili kuliko mimi. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa pamba alikuwa akibeba mzigo wake mpaka kwa mnunuzi. Mizani ni ya mnunuzi. Anayesoma mizani ni mtu wa mnunuzi. Daftari ni la mnunuzi. Mkulima kazi yake ni kutazama tu, aambiwe mzigo wake una uzito gani, apokee atakachopewa, aondoke.

Je, wazee wetu walifanyaje? Hawakuichoma moto ile mizani, maana mizani ikichomwa pamba itapimwa wapi? Walichofanya ni kuwatafuta watu wao wenyewe wanaojua kusoma namba, wakawasimamisha pale pale kando ya mizani. Mtu wa mnunuzi akisema namba, mtu wa mkulima naye anatazama na kusema alichokiona. Jambo dogo kabisa, lakini ndilo lililoamsha watu. Kutoka hapo kikaja chama cha wakulima, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho kubwa la ushirika, VFCU, chini ya kijana wa hapa hapa Kanda ya Ziwa aliyekuwa na miaka 30 hivi. Jina lake Paul Bomani.

Sasa sikieni maajabu ya dunia. Bomani huyo huyo, mtu wa mizani ya pamba, mwaka 1993 akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akashika heshima hiyo mpaka alipofariki mwaka 2005. Kwa hiyo nikisema leo kwamba mizani ya wasomi ikaguliwe, sileti jambo geni. Naurudisha urithi wa Mwanza mahali unapostahili.

Mtaniuliza, kongamano lina mizani gani? Lina mizani tano. Ya kwanza, nani amechagua mada. Ya pili, nani ameketi kiti cha mwenyekiti. Ya tatu, nani ameitwa kusema. Ya nne, kipaza sauti kinampitia nani huko chini ukumbini. Ya tano, nani anaandika taarifa baada ya watu kwenda nyumbani. Mtu mmoja akizishika zote tano, hata akiwaita wapinzani kumi, uzito utakuwa ule ule anaoutaka yeye. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Tazameni mada tu. Ukiandika "Mafanikio ya serikali katika kuleta katiba mpya", umeshamaliza mjadala kabla haujaanza. Mpinzani atakayekuja hapo atatumia nusu ya dakika zake kukataa kichwa cha habari. Ukiandika "Serikali ilivyoua katiba mpya", umefanya kosa lile lile kwa mkono wa kushoto. Lakini ukiuliza, "Katiba mpya imekwama wapi?", hapo kila mtu ana pa kukanyaga.

TULIKOTOKA

Wako wanaosema kwamba zamani chuo kikuu kilikuwa uwanja huru, kimeharibika juzi juzi. Si kweli. Na wako wanaosema hakijawahi kuwa huru hata siku moja. Hiyo nayo si kweli.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao. Lakini siku hiyo hiyo akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa sababu vijana walikuwa wamesema kwamba wakubwa wanakula vinono. Maana yake hoja ilimwingia. Wenye hoja wakaenda nyumbani, hoja ikabaki Ikulu.

Mwaka 1969, mwezi Desemba, palikuwa na semina ya vijana wa Afrika Mashariki na Kati pale chuoni. Mmoja wa wasemaji alikuwa Walter Rodney, mwalimu wa historia kutoka Guyana, aliyefundisha Dar es Salaam. Rodney alikuwa mjamaa kuliko wajamaa wetu wengi. Lakini aliposema mapinduzi ya Afrika yanahitaji kwenda mbele zaidi ya pale viongozi walipofika, gazeti la TANU, The Nationalist, likamshukia kwa tahariri kali. Mwaka uliofuata, Novemba 1970, chama cha wanafunzi wanamapinduzi, USARF, kikapigwa marufuku pamoja na jarida lake la Cheche. Ni chama ambacho mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa kijana wa Uganda aitwaye Yoweri Museveni.

Nataka mlione jambo hili vizuri. Cheche hawakuwa mabepari. Hawakuwa vibaraka. Walikuwa wakisema ujamaa ule ule wa serikali, tena kwa sauti kubwa zaidi. Kosa lao ni kwamba walisema bila kuomba kibali. Kwa hiyo msidhani wakubwa huogopa upinzani peke yake. Hata wimbo wao wenyewe huwatia wasiwasi ukiimbwa na mtu wasiyemtuma.

Na nani alikuwa akiongoza chuo wakati huo? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kujitegemea Julai 1970, Mkuu wa Chuo alikuwa Rais Nyerere, aliyekuwa Rais wa TANU. Makamu Mkuu wa Chuo akawa Mzee Pius Msekwa, jirani yetu wa Ukerewe, aliyetoka moja kwa moja katika kiti cha Katibu Mtendaji wa TANU. Simvunjii heshima mzee wetu, alikuwa mtendaji hodari. Lakini mizani ile ilikuwa ya nani? Jibu mnalo.

Machi 1978 wanafunzi wakaandamana tena, safari hii kupinga wabunge na mawaziri kujiongezea marupurupu. Wakafukuzwa tena kwa mamia. Aprili 1990 wahadhiri wa vyuo wakakutana Dar es Salaam, wakapitisha azimio lao juu ya uhuru wa taaluma na wajibu wa msomi kwa jamii. Maneno mazuri kabisa. Mwezi mmoja baadaye, Mei 1990, chuo kikafungwa, kikaja kufunguliwa mwaka uliofuata. Azimio likabaki kwenye karatasi, wanafunzi wakabaki kwenye mabasi ya mikoani.

Na tusijidanganye kwa upande wetu. Hata katika miaka ile ya moto, pale Mlimani mjadala ulikuwa mkali lakini wengi wa waliosikika walikuwa wa mrengo mmoja. Walibishana ni ujamaa gani ulio sahihi. Aliyetaka kusema kwamba ujamaa wenyewe una kasoro alikuwa na kazi ngumu ya kupata wa kumsikiliza. Hiyo nayo ni mizani yenye jiwe, hata kama jiwe lenyewe tulilipenda.

MAKERERE, 1970

Mfano mzuri unatoka ng'ambo ya ziwa letu hili. Mwaka 1970, pale Makerere, Rodney huyo huyo alipambana kwa hoja na Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, aliyekuwa profesa wa siasa chuoni hapo. Hawa watu wawili walikuwa mbali kama Ukerewe na Dodoma. Mazrui alikwisha kuwacheka hadharani wasomi wanaoipenda Tanzania kupita kiasi. Rodney aliona ubeberu ndio mzizi wa shida yetu, na asiyesema hivyo anapoteza wakati.

Hawakutumwa na vyama. Hakuna aliyeletwa ili apoteze. Kila mmoja alikuwa bingwa wa upande wake, na wanafunzi wakaachiwa waamue. Zaidi ya miaka 50 imepita na wasomi wa Afrika Mashariki bado wanabishana nani alishinda siku ile. Mjadala wenye mizani una dalili hiyo: watu hutoka nje wakiwa bado wanabishana. Ule usio na mizani watu hutoka wakiulizia posho.

Nasi Tanzania tumepata siku kama hizo. Januari 2011, baada ya Rais Kikwete kutangaza kwamba katiba mpya itaandikwa, wahadhiri wa Mlimani kupitia jumuiya yao ya UDASA waliitisha kongamano la katiba katika ukumbi wa Nkrumah. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Lakini kaka zangu hawajaacha kulisimulia mpaka leo. Kwa hiyo wasituambie haiwezekani. Inawezekana, na imeshafanyika, kwa majengo yale yale na viti vile vile.

SHERIA MOJA, VIPIMO VIWILI

Sasa tuje kwenye jiwe lenyewe. Kila mpinzani akiomba ukumbi wa chuo, jibu linajulikana: "Chuoni hakuna siasa." Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 kweli inakataza chama chochote kufungua ofisi au tawi mahali pa kazi na mahali pa kusomea. Ni sheria nzuri, mimi naiunga mkono. Sitaki mtoto wa mkulima afelishwe kwa sababu ya rangi ya kofia yake. Lakini sheria imekataza matawi. Haijakataza hoja. Na kama imekataza, basi imkataze kila mtu.

Tazameni vipimo vyenyewe. Marehemu Profesa Mwesiga Baregu, mwalimu wa siasa wa miaka mingi pale Mlimani, alipotaka kuendelea kufundisha kwa mkataba, serikali ilikataa, na sababu iliyotolewa ni kwamba ni kiongozi wa CHADEMA. Mtumishi wa umma hawezi kuwa kiongozi wa chama, wakasema. Haya, tukubali. Profesa akaondoka, akaja kufundisha katika chuo kikuu cha Mtakatifu Agustino. Lakini Januari 2016 Mheshimiwa Jakaya Kikwete akateuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwezi huo alikuwa bado ni Mwenyekiti wa Taifa wa CCM, na alikaa kwenye kiti hicho cha chama mpaka Julai 2016. Watasema cheo cha Mkuu wa Chuo ni cha heshima tu, hafundishi mtu. Ni kweli. Lakini heshima nayo ina uzito wake kwenye mizani, la sivyo wasingeigawa kwa uangalifu hivyo.

Dodoma ndiyo usiseme. Ukumbi wa Chimwaga, ambamo CCM ilimteua Benjamin Mkapa kugombea urais mwaka 1995, ndio ulioingia katika mali za Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa mwaka 2007. Jengo kubadilisha kazi si dhambi. Natamani majengo mengi ya vigogo yageuzwe madarasa. Ninachouliza ni kama tabia nayo ilihama pamoja na viti.

Halafu ile siku ya tarehe 1 Novemba 2018. Katika ukumbi wa Nkrumah palifanyika kongamano juu ya hali ya uchumi na siasa nchini. Rais John Magufuli, aliyekuwa pia Mwenyekiti wa CCM, alihudhuria na kuzungumza. Mimi sina ugomvi na Rais kwenda chuoni. Mwalimu alikuwa akienda na kuulizwa maswali magumu, na ni afadhali Rais akae na wasomi kuliko akae na wapambe. Ugomvi wangu ni kalenda. Tangu mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa, isipokuwa mbunge ndani ya jimbo lake, na zuio hilo likadumu mpaka Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alipoliondoa. Kwa hiyo mwaka ule wa 2018 mwenyekiti wa chama kimoja aliweza kuzungumza siasa za nchi katika ukumbi mashuhuri kuliko kumbi zote za wasomi, wakati mwenyekiti wa chama kingine hakuruhusiwa kupanda jukwaani hapo Furahisha.

Wakati viwanja vimefungwa, ukumbi wa chuo hauwi tena ukumbi wa kawaida. Unakuwa mlango pekee. Anayeshika mlango pekee ana wajibu mkubwa kuliko mwenye milango kumi.

Na mlango ukifungwa, watu hawaendi kulala. Aprili 2025 CHADEMA iliondolewa kwenye uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Ilipofika tarehe 29 Oktoba, siku ya kura, vijana waliingia barabarani katika miji kadhaa. Watu wakafa. Intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka usiku. Sitasema zaidi juu ya hilo, wengine humu bado mna msiba. Nasema tu kwamba maneno yaliyokosa ukumbi hutafuta barabara, na barabara haina mwenyekiti wa mjadala.

"UNATOKA CHUO GANI?"

Mniruhusu niseme kisa changu. Kuna mwaka nilikwenda kwenye mdahalo katika chuo kimoja, sitakitaja. Tulikuwa tumeambiwa ni mdahalo wa wazi, wananchi wote wanakaribishwa. Nikaketi safu ya nyuma, nikanyoosha mkono tangu wakati wa maswali ulipofunguliwa. Vikapita vikaratasi: andika swali lako, litasomwa. Nikaandika. Vikakusanywa, vikapelekwa mezani, yakasomwa maswali sita. Yote sita yalianza kwa kumpongeza msemaji.

Nikasimama. Nikasema, "Samahani Mwenyekiti, swali langu halijasomwa." Akanitazama, akaniuliza, "Kijana, unatoka chuo gani?"

Nikamjibu, "Natoka Nyakato."

Ukumbi mzima ukacheka. Kipaza sauti kikapita. Nikakaa.

Ndugu zangu, kicheko kile niliondoka nacho. Mtu akikukataza kusema unajua ana hofu. Lakini akikucheka, unaanza kujiuliza mwenyewe kama kweli una haki ya kuuliza. Na swali langu lilikuwa jepesi: nilitaka kujua rasimu ya katiba ya Jaji Warioba, iliyokusanya maoni ya watu wakiwamo wa huku kwetu, inafaa kurudiwa au itupwe. Hilo halihitaji shahada.

NA SISI JE?

Naona mnapiga makofi. Sasa ngojeni, maana nimefika kwenye jambo la pili.

Katiba hiyo hiyo, Novemba 2014. Mzee Joseph Warioba, Waziri Mkuu mstaafu na Jaji mstaafu, alikuwa akizungumza kwenye mdahalo wa Taasisi ya Mwalimu Nyerere pale Ubungo, Dar es Salaam. Vijana wakaanzisha fujo, mabango yakainuka, viti vikarushwa, mzee akabughudhiwa mbele ya kamera, mdahalo ukavunjika. Sote tulisema ni aibu. Magazeti yetu yaliandika ni aibu. Na ilikuwa aibu.

Haya, niambieni: ile Hiace ya Jumamosi ijayo inakwenda kufanya nini tofauti?

Nisiwe mnafiki, nianze na mimi. Miaka michache iliyopita nilipewa kazi ya kuripoti mjadala wa vijana, hapa hapa mjini. Kijana wa UVCCM alikuwa ameitwa kusema, akaja, peke yake, katika ukumbi uliojaa watu wetu. Alipofungua kinywa tu, ukumbi ukalipuka. Miluzi, meza zikagongwa, nyimbo. Akasimama pale kama dakika tano karatasi ikimtetemeka mkononi, kisha akakusanya vitu vyake akatoka. Nami nikaenda kuandika habari. Mnajua niliandika nini? Niliandika: "Akimbia baada ya kuishiwa hoja."

Hakuishiwa hoja. Hakuitoa hata moja. Mimi nilikuwa safu ya pili, niliona karatasi yake, ilikuwa imeandikwa pande zote mbili. Mpaka leo sijui kilichoandikwa mle, na wasomaji wangu hawajui. Niliwauzia uongo kwa sababu ulikuwa wa upande wetu, na habari ikapendwa sana. Leo naitengua mbele yenu. Mhariri akiyachapa maneno haya, na asiliondoe hili.

Basi yule mwenyekiti aliyeniuliza natoka chuo gani, na mimi niliyeandika vile, tofauti yetu ni nini? Yeye aliweka jiwe chini ya mizani upande wake, nami nikaweka upande wangu. Mizani yenye mawe pande zote mbili haijawa mizani ya haki. Imekuwa mizani ya wezi wawili.

Na tuwe waangalifu kidogo na neno hili "upendeleo", maana limekuwa rahisi mdomoni. Mwaka 2010 watafiti wa REDET wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa kura ya maoni iliyompa Kikwete zaidi ya asilimia 70. Matokeo yalipotangazwa alipata kama asilimia 62. Tulisema wamenunuliwa. Labda, labda siyo. Mtu akikosea hesabu hajawa mwizi mpaka uonyeshe alipoiba. Dawa ilikuwa kuwaomba maswali waliyouliza, vijiji walivyofika, na namna walivyochagua watu. Sisi tuliona ni rahisi zaidi kuwatukana maprofesa.

Wala mizani haina maana ya kugawa dakika sawa kati ya ukweli na uongo. Mtu akisema Mwanza haipo ziwani, sina haja ya kumtafutia dakika kumi ajieleze. Mizani ni kwa mambo ambayo watu wazima wenye akili timamu wanatofautiana: muungano uwe wa serikali ngapi, tume ya uchaguzi iteuliwe na nani, Rais awe na madaraka kiasi gani. Hapo hakuna profesa mwenye ufunguo peke yake, wala hakuna chama.

JUMAMOSI IJAYO

Kwa hiyo tufanyeje? Nasema tufanye kama wazee wa pamba. Tusivunje mizani, tusimame kando yake, na tusome namba kwa sauti.

Kabla ya Jumamosi twende chuoni na barua, si na mabango. Barua iwe na maombi manne tu. Moja, watangaze nani amegharamia kongamano na nani amechagua wasemaji. Mbili, kama wanataka sauti ya upinzani, upinzani wenyewe umchague msemaji wake. Tumechoka na mpinzani wa kupangiwa, yule anayeanza kwa kusema "mimi naunga mkono hoja, ila". Tatu, maswali yaulizwe kwa foleni, mtu na zamu yake, si kwa vikaratasi vinavyochujwa mezani. Nne, turuhusiwe kurekodi kongamano zima tangu mwanzo hadi mwisho, ili atakayeandika uongo, akiwa wa gazeti la serikali au wa gazeti letu, aumbuke.

Wakikataa yote manne, tutakuwa na barua yao ya kukataa, na tutaichapa. Wakikubali hata mawili, tumepata watu wawili kando ya mizani ambao jana hawakuwapo.

Na siku yenyewe tukifika, waziri akisimama, tunyamaze. Ndiyo, tunyamaze! Najua inauma. Mwacheni amalize. Andikeni anachosema, maana mtu aliyezomewa hupata huruma, lakini mtu aliyeandikwa hupata maswali. Asiyekubali kusikiliza si mshindani, ni mpiga kelele tu, na nchi hii ina wapiga kelele wa kutosha katika vyama vyote.

Kila mmoja wetu aende na swali moja, fupi, lenye mwaka na jina la jambo analouliza. Tukutane hapa Alhamisi jioni tuyasome, tuyachuje wenyewe, tuyapunguze matusi. Mzee Mwenyekiti amekubali kutusaidia, yeye ni mwalimu mstaafu, kalamu yake nyekundu bado ina wino.

Na kama mwenyekiti wa kongamano atamuuliza mmoja wenu anatoka chuo gani, asikae kama nilivyokaa mimi. Ajibu kwamba anatoka Nyakato, kisha aendelee na swali lake mpaka mwisho.

Gari litaondoka stendi ya Buzuruga saa mbili asubuhi. Mwenye filimbi abaki nyumbani. Mwenye swali na hana nauli, anione, tutachangiana.